Habari za boda ya Malawi: mahali ripota anapochochea bila kujua

Kinachokuponza kwanza ni jina la ziwa. Andika "Nyasa", msomaji wa Karonga, upande wa Malawi, anaona umeshachagua upande. Andika "Malawi", mhariri wako Dar anakupigia simu. Tumia jina wanalolijua wasomaji wako, taja mara moja kwamba ng'ambo wanaliita vingine, uendelee na habari.

Mgogoro wenyewe unatosha sentensi moja: Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, uliopitisha mpaka ufukweni upande wetu wa Tanzania, na Tanzania inadai mpaka uko katikati ya maji. Ukiacha nusu moja, umeshamfanya jirani mwizi.

Ila hayo watu wengi wanayajua. Kinachowaangusha ni saa. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Boti ikikamatwa saa 4 asubuhi ya Kyela, polisi wa Karonga wataandika saa 3. Ripota asiyejua anaandika "taarifa zapingana", na hapo serikali moja imeshaitwa mwongo bure. Kila unapopewa saa, uliza: ya upande gani?

Halafu mto Songwe, ambao nao ni mpaka. Mafuriko huhamisha mkondo, shamba lililolala huku likaamkia kule. Ukipigiwa simu kwamba "Wamalawi wamevamia mashamba", usiandike kutoka Mbeya mjini. Shuka mtoni, muulize mwenyekiti wa kijiji maji yalipita wapi kabla ya masika, piga picha mkondo mkavu wa zamani. Mara nyingine mvamizi ni mto.

Namba ya ripota mwenzako wa Karonga itafute sasa, wakati hali ni shwari. Siku ya vurugu hatakuamini. Lugha isikutishe: Kinyakyusa na Kingonde ni ndugu, mtaelewana. Mpe aya zinazowahusu watu wake azipitie, si habari nzima. Nyumbani utaitwa msaliti, hasa kwenye magrupu ya WhatsApp. Zoea.

Aprili 2025, Tanzania ilipojibu katazo la mazao la Malawi kwa katazo lake, wengi walihoji mawaziri. Wewe anza na dereva aliyekwama mpakani Kasumulu: amebeba nini, tani ngapi, zinaoza baada ya siku ngapi.

Mwisho, kichwa cha habari. Hukiandiki wewe, lakini lawama ni zako. Tuma vichwa viwili ulivyoandika mwenyewe, visivyo na neno "vita", pamoja na picha ya siku hiyo yenye maelezo. Usipotuma picha, watachimba maktaba na kuweka ya wanajeshi.