Mtoto Aliye Kimya Darasani Ughaibuni

SWALI: Mhariri, mwanangu wa kiume alisoma hapa Tabata hadi darasa la pili, na kila muhula alikuwa miongoni mwa watano wa kwanza. Mwaka jana alihamia München, Ujerumani, pamoja na mama yake. Mwalimu wake wa darasa la tatu analalamika kwamba mtoto hanyooshi mkono, wala hamtazami usoni anapozungumza naye, na kwamba ukimya huo unampunguzia alama. Tangu lini adabu ikapunguza alama?
Mzazi, Tabata

JIBU: Ndugu mzazi, mwanao hana upungufu wa akili wala wa malezi. Amefunzwa kusimama mwalimu aingiapo, kumwamkia shikamoo, kuinamisha macho mbele ya mkubwa na kusubiri aulizwe ndipo ajibu. Hata hivyo, nisingependa ukimya huo wote tuuite mila, kwa kuwa katika shule nyingi za umma za jiji hili darasa limejaa kiasi kwamba mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto, na kuitikia kwa pamoja ndiyo njia iliyobaki ya kulishirikisha darasa zima.

Ujerumani, ushiriki wa mdomo ni sehemu ya alama za somo. Mtoto anayeuliza, anayetoa sababu, hata anayempinga mwalimu kwa hoja, huonekana anafikiri; aliye kimya hudhaniwa hakujiandaa au hajali. (Mnaposoma ripoti, kumbukeni kwamba huko 1 ndiyo alama bora na 6 ndiyo mbaya kabisa.) Suala hili ni zito kwa sababu jimbo la Bavaria, ulipo mji huo, huwatenganisha watoto baada ya darasa la nne, na anayetaka kuingia Gymnasium, shule inayoandaa wanafunzi kwa chuo kikuu, kwa kawaida hutakiwa awe na wastani usiozidi 2.33 katika Kijerumani, hisabati na somo la mazingira na jamii.

Isidhaniwe kwamba nchi zote tajiri hufundisha hivyo. Japani, wanafunzi huinuka na kuinama kumsalimu mwalimu, husafisha madarasa yao wenyewe kama wafanyavyo wa kwetu, na kusikiliza kwa utulivu huhesabiwa kuwa bidii.

Nashauri mama aende shuleni amweleze mwalimu maana ya macho yanayoinama, kwani huenda hajapata kuelezwa, na amwombe awe anamdokezea mtoto swali siku moja kabla, ili aandae jibu nyumbani. Kijerumani nacho bado ni kigeni kwake, na sehemu ya ukimya huo inatokana na lugha. Wewe, unapompigia simu, mwambie kwa kauli yako kwamba kumuuliza mwalimu si utovu wa adabu, kwa maana ruhusa hiyo anahitaji kuisikia kwa baba yake. Kisha muulize alichojifunza wiki hiyo, umwache aeleze hadi mwisho bila kumkatiza, hata pale anapokukosoa.