Binti yangu anataka kufunga siku zote za mtihani bila daku. Je, nikimzuia napata dhambi?

SWALI: Assalaamu alaykum, Shehe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chamazi, nauza vitumbua kituoni Mbagala Rangi Tatu. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa ni Novemba. Kuna ustadhi aliwafanyia wanafunzi wa mtaani kwetu dua ya mtihani, akawaambia atakayefunga siku zote za mtihani bila kula daku Allah atamfungulia akili, kwa kuwa tumbo tupu ni chombo cha nuru. Akawatolea na maneno ya Imam Shafii. Binti ana siku sita za Ramadhani za kulipa, anasema atazilipa humo humo. Kwenye moko, yaani mtihani wa majaribio, alifunga hivyo, ilipofika karatasi ya Hisabati mikono ikawa inamtetemeka, akalalia dawati mpaka muda ukaisha. Na zahanati walishasema damu yake ni ndogo. Nimemkataza, ananijibu kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Juzi hasira zilinipanda nikamwambia, "Basi na ufeli!" Tangu siku hiyo hatusemeshani vizuri. Je, nikimzuia napata dhambi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, yapo maswali yaliyofika kabla ya lako, lakini nimelitanguliza hili kwa sababu mtihani hausubiri, na kwa sababu maneno ya huyo ustadhi nimeyasikia sasa kwa watu zaidi ya mmoja hapa mjini.

Hupati dhambi. Mzuie, na yeye anapaswa kukutii.

Zile siku sita ni deni la Allah juu yake, hilo halina mjadala. Ila ni deni lenye muda mpana: aliyekula kwa sababu ya hedhi ana nafasi ya kulipa, alimradi Ramadhani nyingine isimkute hajamaliza. Bi Aisha (r.a.) amesema alikuwa akidaiwa siku za Ramadhani na hawezi kuzilipa ila Shaaban, na hiyo ni nyumba ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Ramadhani ijayo inaingia Februari. Mtihani ukiisha, binti ana wiki nyingi za kukaa nyumbani, hana shule wala daladala ya alfajiri. Siku sita zitaenea humo bila kusukumana. Tena katika madhehebu yetu, funga ya kulipa ukishaianza huikati ila kwa udhuru. Kwa nini aingie, asubuhi ya mtihani, katika ibada ambayo kutoka kwake kuna masharti?

Zinazobaki baada ya hizo sita ni sunna, na sunna haisimami mbele ya haki ya mama. Mkumbushe kisa cha Juraij, mcha Mungu katika Wana wa Israili. Mama yake alimjia akiwa anasali, akamwita. Akasema moyoni: Ewe Mola wangu, mama yangu na sala yangu! Akaendelea kusali. Siku ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Mama akamwapiza, na apizo likampata. Imam Nawawi anapokieleza kisa hiki anawanukuu wanazuoni kwamba lililokuwa sawa kwa Juraij ni kumwitika mama yake, kwa kuwa sala yenyewe ilikuwa ya sunna. Wewe hukumwita binti yako aache sala. Umemwita ale. Ile hadithi aliyokujibu nayo ni ya kweli, ila ameiweka pasipo pake: anayeambiwa ale katika siku asiyolazimishwa kufunga hajaambiwa amuasi Allah.

Ama ustadhi, kwake nina maneno marefu zaidi, kwa kuwa amewabebesha watoto mzigo kwa jina la dini.

"Tumbo tupu ni chombo cha nuru" si hadithi. Hakuna funga yoyote ambayo Mtume (s.a.w.) aliiwekea ahadi ya kufaulu mtihani. Anayewaambia watoto kwamba Allah ameahidi jambo, naye Allah hakuliahidi, amefanya kubwa kuliko anavyodhani. Na binti akifunga kisha akafeli, ustadhi amewaza mtoto yule atamdhania nini Mola wake?

Halafu hili la kufunga bila daku. Amelitoa wapi? Mtume (s.a.w.) amesema: "Kuleni daku, kwani katika daku mna baraka." Na amesema kwamba kitenganishacho funga yetu na funga ya Watu wa Kitabu ni mlo wa daku. Mwalimu anawahimiza watoto wa Kiislamu wafunge kwa kuacha kile kile kinachoitambulisha funga ya Kiislamu, na anakiita kitendo hicho ukamilifu!

Imam Shafii, Allah amrehemu, kweli imepokewa kwake kwamba alisema hakushiba kwa miaka 16, kwa sababu shibe huuzidisha mwili uzito, huufanya moyo mgumu, huondoa wepesi wa akili na huleta usingizi. Someni tena maneno hayo. Amesema hakushiba. Hakusema alikaa na njaa miaka 16. Baina ya shibe na njaa kuna uwanja mpana, na ndiko Mtume (s.a.w.) alikotuweka alipotufundisha theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi, baada ya kusema kwamba zinamtosha mwanadamu tonge chache za kuunyoosha mgongo wake. Kuunyoosha mgongo, dada yangu. Binti yako mgongo haukunyooka, alilalia dawati.

Na kama njaa ingekuwa nuru, Mtume (s.a.w.) asingejikinga nayo. Ilikuwa katika dua zake: "Ewe Mola wangu, najikinga kwako na njaa, kwani ni mwenza mbaya wa kulala naye." Amesema pia hakimu asihukumu baina ya watu wawili akiwa na ghadhabu, na mafakihi wakaambatanisha na ghadhabu kila kinachomchafulia mtu fikra: njaa kali, kiu, usingizi, haja iliyombana. Na karatasi ya muda wa saa tatu ni nini kama si hukumu juu ya hukumu? Unasoma swali, unapima, unakata shauri, unageukia jingine. Kadhi tumekatazwa kumkalisha barazani na njaa, mtoto wa miaka kumi na saba ndiye tumkalishe?

Hata sala tumeambiwa isisaliwe chakula kikiwa kimeandaliwa. Ibn Umar, ambaye kwa kufuata sunna hana wa kumpita, alikuwa akiwekewa chakula na sala ikikimiwa haendi mpaka amalize, naye anasikia kisomo cha imamu.

Na kisa cha maswahaba wawili, Salman na Abu Dardaa, kinatosha peke yake. Salman alimzuru ndugu yake, akatengewa chakula, mwenyeji akasema: Kula wewe, mimi nimefunga. Salman akamjibu: Sili mpaka na wewe ule. Abu Dardaa akala. Usiku Salman akamzuia asikeshe katika sala mpaka mwisho wa usiku, kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari zilipofika kwa Mtume (s.a.w.) alisema: "Salman amesema kweli."

Lipo na jingine linaloniuma. Madrasani kwangu kijana mmoja alikuwa akisoma mbele yangu Jumamosi asubuhi, sauti ikawa inapungua aya kwa aya, mwisho akashika mkeka kwa mikono miwili. Nilidhani amefunga. Kumbe hakuna aliyepika kwao tangu juzi yake. Tulimpa uji wa ulezi, akaunywa macho yako chini, kisha akasoma ukurasa mzima bila kukosea. Mji huu una watoto wengi wanaoingia chumba cha mtihani na njaa wasiyoichagua. Ustadhi akitaka kuwasaidia wanafunzi, akusanye michango msikitini, wiki za mtihani papikwe uji na maharage, awafungulie mlango saa kumi na mbili asubuhi. Dua aisome hapo hapo.

Nisieleweke vibaya upande wa pili. Wapo wanaotuletea kauli kwamba mtihani ukiangukia Ramadhani, mwanafunzi ale tu. Hiyo nayo siikubali. Ramadhani ni faradhi, na mtihani peke yake si udhuru. Mwanafunzi wa chuo mwenye mtihani Februari au Machi anuie usiku, ale daku, aingie na funga yake, na ikimfikia mashaka ambayo anahofia kweli yatamdhuru, atafungua na kulipa. Binti yako hayumo katika habari hiyo. Novemba hakuna kilichomfaradhia.

Sasa tuje jikoni, maana funga aliyoelekezwa inakwenda hivi. Akila saa mbili usiku, karatasi ya asubuhi inamkuta hajala kwa saa kumi na mbili. Ya saa nane mchana inamkuta na saa kumi na nane, joto la Novemba likiwa juu ya bati. Madaktari wanatuambia ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia kiasi cha asilimia 20 ya nguvu yote. Mikono iliyotetemeka ilikuwa inadai haki yake.

Wewe ni mpishi, sikufundishi kupika. Ila vitumbua na chai ya sukari peke yake vitamshangamsha kwa muda mfupi kisha vimwache. Mpe kitu kinachokaa: viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha na maharage yaliyobaki usiku, au yai na ndizi, na kitumbua kimoja cha mkono wako kwa ajili ya mapenzi. Ale mapema, kama saa moja na nusu au mbili kabla ya karatasi, tena chakula alichokizoea. Siku ya mtihani si siku ya kujaribu kipya. Maji anywe kidogo kidogo, asiyafakamie mlangoni. Karatasi ya asubuhi ikiisha saa tano, awe na kopo lake la chakula, chakula chepesi. Akila sahani ya pilau saa saba, usingizi atakutana nao saa nane na nusu. Na kwa kuwa damu yake ni ndogo, mrudishe zahanati wiki hii, usingoje. Mchicha, dagaa na maharage viwepo mezani pamoja na chungwa, na chai anywe baadaye, maana chai pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma. Daktari akisema asifunge mpaka damu ipande, basi hata zile sita zinasubiri.

Limebaki neno ulilomtamkia, na hilo ndilo lililonikosesha utulivu kuliko swali lenyewe. Ninajua unaamka saa tisa usiku, unakaanga vya kuwalisha watoto wa wenzio, na wako mwenyewe anatoka mlangoni bila kuonja. Hasira yako ilikuwa huruma iliyokosa pa kupita. Lakini Mtume (s.a.w.) ametukataza tusijiombee mabaya, wala tusiwaombee mabaya watoto wetu wala mali zetu, tusije tukasadifu saa ambayo Allah anaombwa naye akaitika. Leta istighfari. Kisha usimfuate binti na jibu langu mkononi kama hati ya mahakama. Kaa naye usiku wa leo, umwambie: "Neno lile nimelifuta, mwanangu. Allah akufaulishe." Alisikie kwa masikio yake, kwa kinywa kile kile kilichosema lile la kwanza. Yeye hakufunga kwa kiburi. Alifunga kwa hofu ya mtihani, na kwa kumpenda Mola wake, na mtu mzima akampeleka siko. Mtengee chakula baada ya hapo.

Akiwa bado na shaka, njooni wote wawili Jumamosi baada ya Alasiri, darsa likimalizika. Nitamsikiliza yeye kwanza.

Wallahu aalam.