Tovuti yangu ya kwanza, niweke nini?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili natafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, kila mtu ananiambia nifungue tovuti yangu, sasa hela sina na kazi zangu ni za darasani tu, nitaweka nini humo?

JIBU: Poa. Hela isikuumize kichwa, GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti yako mtandaoni, ipo tangu 2008 na ni bure, anwani yako inakuwa jina lako la akaunti halafu .github.io. Domeini, yaani anwani yenye jina lako mwenyewe, utanunua baadaye, ila hiyo inalipiwa tena na tena, ukisahau imekwenda.

Kazi za darasani zinatosha kabisa! Chagua mbili tatu tu, kila moja ueleze tatizo lilikuwa nini, ulikwama wapi, na wewe ulifanya kipande gani, kama ilikuwa ya kundi sema ukweli maana watakuuliza. Kuandika "najua Python" (lugha ya kuandikia programu) peke yake hakumwambii mtu kitu. Picha ya MB 5 ipunguze, la sivyo ukurasa utajikokota mpaka mtu aondoke. Namba ya kitambulisho usiweke, imeili inatosha.

Halafu ifungue kwenye simu kabla hujatuma linki, mi yangu ya kwanza menyu ilifunika jina langu lote na nilishaituma kwa watu, aibu tupu.