Namba moja, simu mbili: mbona inaita moja tu?

SWALI: Shikamoo Fundi. Niko mapokezi kwenye ofisi ya kupandisha wageni mlima hapa Moshi. Bosi alitaka simu yangu na ya stoo ziite pamoja, ili nikitoka kijana wa stoo apokee. Aliyetufungia alizipa zote mbili ekstensheni (namba ya ndani ya ofisi) 101. Sasa asubuhi inaita yangu, mchana inaita ya stoo na yangu kimya. Umeme ukikatika na kurudi, mambo yanageuka tena. Mtambo wetu ni kompyuta yenye FreePBX, programu ya kuendesha simu za ofisi. Simu ni mbovu?
Binti wa Mapokezi

JIBU: Marahaba binti. Simu ni nzima. Simu ya namna hiyo ikiwaka hujitambulisha kwa mtambo, "mimi ni 101, nipo hapa", na hurudia salamu hiyo kila baada ya muda. FreePBX isipoguswa huweka nafasi ya simu moja tu kwa kila ekstensheni, kwa hiyo anayekuja nyuma humtoa aliyetangulia. Ndiyo maana umeme ukirudi mambo hugeuka: inayochelewa kuwaka ndiyo inabaki na namba.

Dawa ya haraka ni kufungua ekstensheni 101, sehemu ya mipangilio ya ndani zaidi, na kubadili Max Contacts, yaani idadi ya simu zinazoruhusiwa kwa namba hiyo, kutoka 1 iwe 2. Zitaita zote. Lakini mimi siipendi. Niliwahi kuifanya Arusha, ofisi moja ya mawakili karibu na Mnara wa Saa, simu tatu namba moja. Ikaja bili yenye mazungumzo marefu ya nje ya nchi, na kumbukumbu za mtambo zikasema 101 tu. Akasemwa katibu muhtasi, ambaye siku hiyo hakuwepo hata ofisini. Kosa lilikuwa langu, nami nilimwambia hivyo. Tena fikiria: wewe ni 101, stoo ni 101, utampigiaje?

Kwa hiyo mapokezi ibaki 101, stoo mfungulie 102. Kisha tengeneza kundi la kuita, tuseme 600, uandike ndani yake 101 na 102, na mkakati uchague ringall, yaani zote kwa pamoja. Atakayewahi kuinua mkono wa simu ndiye atakayeongea, nyingine inanyamaza. Muda wa kuita ukiachwa ulivyo ni sekunde 20. Kwa kijana anayetoka uani mbio, weka 30.

Hapa ndipo wengi hukwama: simu zinazoingia kutoka nje bado zinakwenda 101. Ingia kwenye njia ya simu zinazoingia, uzielekeze 600. Halafu bonyeza kile kitufe chekundu cha Apply Config juu ya ukurasa. Usipokibonyeza hujabadili kitu, hata kama skrini inaonyesha umebadili.

Sasa mgeni anapiga kuuliza kama mnakodisha mifuko ya kulalia, na anayejua ni kijana wa stoo. Akiwa mezani kwake, mhamishie 102, basi. Akiwa nyuma anahesabu mahema, ipaki, yaani iweke isubiri: ihamishie kwenye namba 70, mtambo utakutajia namba, kwa kawaida 71. Mwite, "Njoo chukua 71!" Akifika kwenye simu yoyote ya ofisi anabonyeza 71 na kuongea na mgeni. Usikate kabla hujaisikia hiyo namba, la sivyo utakuwa unaita watu bila kujua mgeni umemweka wapi.

Simu ya stoo yenyewe pia lazima ibadilishwe: iandikwe 102 na nywila mpya ya 102, si ile ya zamani. Na ibandue ile karatasi ya 101 iliyobandikwa kwenye simu ya stoo.