Jibu: Kwa nini Okutoyi alienda chuo baada ya Wimbledon

Ndugu, umeuliza kwa nini Angella Okutoyi, mchezaji tenisi wa Kenya, alienda chuo badala ya kuingia moja kwa moja kwenye tenisi ya kulipwa baada ya Wimbledon 2022. Lile lilikuwa taji la vijana, la wasichana wawili wawili, akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Halina pesa wala pointi za WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake. Ukiingia kwa wakubwa unaanzia mashindano madogo ya ITF, shirikisho la tenisi la kimataifa, zawadi dola 15,000 za kugawana wachezaji wote; ukitolewa raundi ya kwanza, hata nauli hairudi. Ndege, hoteli, kocha, kufunga nyuzi za raketi, vyote mfukoni mwako. Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, kilimpa viwanja, makocha na mechi za ushindani. Mimi naona aliamua vizuri. Na hakulala: 2024 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra.

Kipaji kipo, usitie shaka. Fainali ile ya Wimbledon, dhidi ya Wakanada wawili, iliamuliwa kwa pointi 11-9 katika tie-break ya mwisho ya kuamua mshindi. Mmoja wao, Victoria Mboko, ndiye bingwa wa mashindano makubwa ya wanawake ya Montreal, Kanada, 2025, na yeye ana shirikisho lenye uwezo nyuma yake.