Kaka yetu askari aliuawa kazini, tumkumbukeje?

Pole sana dada. Umesema mama hataki picha ya kaka yenu akiwa na magwanda ikae sebuleni na huku watoto wake wanazidi kuuliza, mi naona msianze na picha kabisa, mana hiyo ndo ilozunguka kwenye magrupu siku ya msiba. Anzeni na wale aliokua anaingia nao lindo. Mmoja tu akiwasimulia alivyokua anapiga buti kiwi saa kumi alfajiri huku anabishana Simba na Yanga, hapo ndo watoto watamjua baba yao. Warekodini hata kwa voisi za WhatsApp, fanyeni mapema, askari wanahamishwa vituo kila mara baadae huwapati tena. Angalia wale polisi 8 waliouawa Kibiti, mkoa wa Pwani, Aprili 2017, walikua wanatoka lindo wakashambuliwa njiani, leo uliza mtaani watu wanakumbuka idadi tu, jina hata moja hawana, inauma kwakweli. Kisomo cha kila mwaka fanyeni ila hotuba za wakubwa sio lazima. Na mama mwacheni achague picha mwenyewe, hata kama ni ile ya shule kavaa kaptula.