Ukikaa Ghorofani Nairobi, Tafuta Mita Kabla ya Kutafuta Gari la Umeme

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji anayeishi Ruaka, kijana ambaye amekuwa akiweka akiba ili aagize gari la umeme aina ya Nissan Leaf kutoka Japani. Swali lake nimeulizwa mara nyingi tangu niachane na petroli: "Dada, mimi nimepanga nyumba ghorofa ya tano. Gari nitalichajia wapi?" Nimeona nimjibu hapa hadharani, kwa kuwa najua wengi wenu mna nia hiyohiyo na mmekwama papo hapo.

Kinachomzuia mkazi wa ghorofa si umeme, bali ni ruhusa, na nyuma ya ruhusa kuna mita. Ukishajua umeme wa gari lako utasomwa kwenye mita ya nani na utalipwa na nani, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Umeme wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 hutumia takriban uniti 16 kwa kilomita 100 (uniti moja ni kilowati-saa moja). Mtu anayetoka Ruaka kwenda katikati ya jiji na kurudi, hata akipitia sokoni, ni nadra kuzidisha kilomita 40 kwa siku, kwa hiyo anahitaji uniti 6 au 7 tu kurudisha alichotumia. Chaja ndogo ya kubebeka inayovuta ampea 10 kwenye soketi ya kawaida ya volti 240 hufanya kazi hiyo kwa muda wa saa tatu hivi, ilhali gari linalala maegeshoni usiku kucha. Kwa bei za mwaka 2024 na 2025, uniti moja ya umeme wa nyumbani, pamoja na kodi na tozo zake, ilikaribia shilingi 30, maana yake kilomita 100 zinagharimu kama shilingi 480. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita lilihitaji karibu shilingi 1,500 kwa mwendo huohuo. Ndiyo sababu sikukata tamaa nilipoanza kuandamwa.

Nilipolileta gari langu nyumbani, tayari nilikuwa nimezungumza na mwenye nyumba naye akakubali. Wakala wake alinionyesha soketi iliyokuwa kwenye nguzo karibu na kibanda cha mlinzi, ambayo ilitumika kwa mashine ya kuoshea magari, tukapatana niongeze kiasi fulani juu ya kodi ya nyumba ya kila mwezi. Nililipa, na risiti ninazo hadi leo. Kisha maji ya bomba yakaanza kupotea mtaani kwetu, pampu ya kisima ikawa haizimwi, na bili ya umeme wa pamoja ikapanda. Hakuna aliyeitazama pampu. Mtu mmoja aliandika katika kundi la WhatsApp la wakazi kwamba kuna anayeendesha gari kwa stima ya wenzake, na kabla ya jioni kuingia, neno "mwizi" lilikuwa limekwisha kutumika. Nilipoteremka alfajiri iliyofuata nilikuta gari halijaingiza hata uniti moja. Mlinzi, mzee ninayemheshimu, alishindwa kunitazama usoni. Aliniambia, "Madamu, mimi nimetumwa tu."

Sitaficha kwamba jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma. Kuitwa mwizi mbele ya majirani ambao watoto wao wanacheza na wanangu, huku nikiwa na risiti mkononi, si jambo la kusahaulika kwa haraka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba radhi. Nalisema kwa sababu nawe huenda likakupata, ujue mapema kwamba neno la mdomo, hata la mwenye nyumba mwenyewe, halitakukinga siku bili ya pamoja itakapopanda.

Niliomba kikao cha kamati ya jengo. Sababu waliyoitoa siku hiyo haikuwa tena bili. Walisema kwamba gari langu litaunguza transfoma. Nilikuwa nimekuja na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, pamoja na kile kifaa chake cha kupimia mkondo kinachobana waya bila kuukata. Alimwomba mjumbe mmoja wa kamati atume mtu awashe shawa ya umeme nyumbani kwake, sisi tukiwa tumesimama mbele ya ubao wa mita. Tarakimu zikaruka hadi juu kidogo ya ampea 22. Shawa ikazimwa, gari langu likachomekwa, na kifaa kikaonyesha 10 kasoro. Fundi hakuongeza neno, na wala halikuhitajika. Karibu kila nyumba katika jengo letu ina shawa ya aina hiyo, na nyingi huwashwa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri, watu wanapojiandaa kwenda kazini. Gari langu huvuta chini ya nusu ya shawa moja, tena usiku wa manane wakati jengo zima limelala.

Hapo ndipo suluhisho lilipopatikana, na lilikuwa limening'inia ukutani muda wote. Katika majengo mengi ya Nairobi, mita za tokeni za nyumba zote hupangwa pamoja katika chumba kimoja cha chini, na ghorofani unabaki na kile kijisanduku cha kubonyezea tarakimu. Kwa hiyo hata ukikaa ghorofa ya tano, umeme wako uko hatua chache kutoka gari lako lilipo. Fundi alitoa waya wa milimita mraba 6 kutoka upande wangu wa mita, akaupitisha ndani ya bomba ukutani, akaufungia kikata umeme cha peke yake chenye kinga ya kuvuja kwa umeme, akapima ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), kisha akaweka soketi ndani ya kisanduku chenye kufuli. Tangu hapo nanunua tokeni zangu mwenyewe na hakuna wa kunihesabia. Majuzi jirani mwingine alinunua gari la umeme, na kamati ile ile ikampa masharti yaliyonakiliwa kutoka barua yangu ya ruhusa. Nilifurahi, na sioni haya kusema kwamba nilijivunia.

Basi ewe kijana wa Ruaka, nenda kwanza ukatazame chumba cha mita. Ukiona mita yako iko chini, mwandikie mwenye nyumba barua, naye aiandikie kamati, na ruhusa irudi ikiwa imeandikwa. Pale ambapo nyumba zimeuzwa mojamoja chini ya Sheria ya Sectional Properties ya mwaka 2020, maegesho na kuta za nje kwa kawaida ni mali ya pamoja inayosimamiwa na shirika la wamiliki, kwa hiyo ruhusa ya mwenye nyumba wako peke yake haitoshi. Sheria hiyo haizungumzii chaja za magari. Ujerumani, tangu tarehe 1 Desemba 2020, mpangaji au mmiliki wa nyumba ya ghorofa anaweza kudai kwa mujibu wa sheria aruhusiwe kuweka chaja. Nasi tunastahili haki kama hiyo, na kila anayeomba kwa maandishi anawazoesha wenye majengo jambo hili.

Kuhusu usalama sitabembeleza mtu. Usiteremshe waya wa upanuzi kutoka roshani hadi kwenye gari. Waya mwembamba uliozungushwa kwenye kigurudumu chake hupata joto kali ukivutwa umeme kwa saa nyingi, na moto huanzia humo. Tena, kebo iliyotengenezwa kwa Leaf za Japani ni ya volti 200 na ampea 15, na mafundi wetu wa mtaani huikata ncha na kuifunga plagi yetu ya ampea 13. Nimewahi kushika plagi ya namna hiyo: sehemu ya chini ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na harufu ya plastiki iliyoungua ilibaki vidoleni. Nunua chaja inayokubali kupunguzwa hadi ampea 10.

Usitegemee pia kwamba utaishi kwa chaja za kasi za umma zilizowekwa kwenye maduka makubwa. Leaf ya Japani ina tundu la kuchajia kwa kasi la aina ya CHAdeMO, ilhali magari mengi mapya huja na tundu la aina ya CCS2 au GB/T ya Kichina, hivyo unaweza kufika kituoni ukute hakuna plagi inayoingia kwenye gari lako. Isitoshe, betri ya Leaf hiyo ya kilowati-saa 40 haina mfumo wa kuipoza kwa maji, nayo haipendi kuchajiwa kwa kasi kila mara. Chaja ya usiku ndiyo maisha ya gari hilo.

Wale ambao jengo lao lina magari kadhaa ya umeme wajiunge waombe mita ya pamoja ya maegesho, kwa maana tangu Aprili 2023 kuna tarifa maalumu ya usafiri wa umeme, iliyowekwa shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 katika saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Mwenye gari moja, kwa maoni yangu, atapata usumbufu mdogo zaidi akitumia mita ya nyumba yake.

Mwisho, katika barua ile ile andikeni waya na kisanduku vitakuwa vya nani siku utakapohama. Mimi nilikubali waya ubaki ukutani, kwa sharti kwamba mwenye nyumba anirudishie nusu ya gharama nikiondoka, naye akatia sahihi.